Nuru Nyepesi, Joto Zito



Nimepewa muda mfupi wa jioni hii nizungumze juu ya nguvu zisizokwisha, yaani jua, upepo, maji yaendayo kasi na samadi ya mifugo, na namna zinavyoweza kuingizwa katika nyumba ya mtu wa kawaida zikampa mwanga wa kusomea na moto wa kupikia. Na kwa kuwa mazungumzo ya namna hii aghalabu huanza kwa sifa za jua na kuishia kwa sifa za jua, mimi nitaomba ruhusa nianze kwa hisabu, kisha sifa zifuate pale zinapostahiki.

Sisi wa Unguja tunayo sababu ya kulifikiri jambo hili kuliko wengi. Umeme wetu hauzaliwi hapa. Tangu mwaka 1980 hutujia kwa waya iliyolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, pwani ya bara, mpaka Ras Fumba, na sehemu kubwa ya nguvu iliyopita katika waya ile kwa miaka mingi ilikuwa ni nguvu ya maji yanayoporomoka Kidatu, katika mto wa Ruaha Mkuu, mahali ambapo wengi wetu hatujapata kupakanyaga. Hata ikawa mvua ikichelewa Iringa, feni husimama hapa kwetu Mwembetanga. Mwezi wa Mei mwaka 2008 waya ile iliharibika, kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima. Watu hawajamaliza kuusimulia mwezi huo, mara Desemba mwaka 2009 ikaharibika tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu. Wenzetu wa Pemba, ambao walikuwa wakitegemea majenereta ya dizeli, waliungwa na bara kwa waya nyingine kutoka Tanga mwaka 2010, na sisi wa Unguja tukaongezewa waya mpya yenye uwezo wa megawati 100 mwaka 2013. Lakini aliyeishi hapa katika miezi ile mitatu hawezi tena kuutazama ukuta wenye swichi kwa moyo ule aliokuwa nao zamani.

Yaliyotukia miezi ile yanajulikana. Vibatari vilitolewa darini vikafutwa vumbi, mafuta ya taa yakapanda bei, na majenereta yakanguruma mbele ya maduka mpaka usiku wa manane. Pampu za visima zilikuwa zinategemea umeme, kwa hiyo maji nayo yakakatika, na wanawake wakarudi kupanga ndoo kama walivyokuwa wakipanga bibi zao. Lakini liko jambo moja ambalo halikusemwa sana, nalo ni kwamba katika nyumba zilizo nyingi jiko halikujua kwamba umeme umekatika. Seredani ziliwashwa saa ile ile, mafiga yalikaa mahali pale pale, wali ukaiva na mchuzi ukaiva. Sababu yake ni dhahiri: umeme haukuwa umepata kuingia jikoni, na kitu ambacho hakikuingia hakiwezi kutoka. Kwetu sisi umeme uliingia kwa mlango wa taa. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ndilo lililotangulia majumba mengine ya kisiwa hiki kuwa na taa za umeme, na tangu hapo mpaka leo tukisema umeme umefika kijiji fulani tuna maana kwamba taa zimewaka, wala hapana anayekwenda uani kutazama kilichopo chini ya chungu.

Sasa niruhusuni nifanye ile hisabu niliyoiahidi, na anayetaka ashike kalamu.

Uniti moja ya umeme, ile tunayoinunua na kuingiza namba zake katika mita, ni nguvu ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa moja ya LED ya wati 5, ambayo inatosha chumba cha kulala au watoto watatu wanaodurusu juu ya mkeka, ikiwashwa saa 5 kila usiku, hula uniti hiyo moja kwa siku 40. Hilo ni jambo la kustaajabisha, na lau wazee wetu waliokuwa wakinunua mafuta ya karabai wangeliambiwa, wasingelisadiki. Haya, chukua sasa ndoo moja ya lita 20, ujaze maji ya kisima yenye joto la nyuzi 25, uyapashe moto mpaka nyuzi 60, yaani moto wa mtu kusema maji haya yamekuwa moto barabara lakini hayajachemka. Kazi hiyo peke yake inahitaji takriban uniti 0.8. Ndoo moja tu, wasikilizaji! Nguvu iliyotiwa katika ndoo hiyo ingeliiwasha ile taa siku 32 mfululizo.

Hivyo ndivyo vilivyo viumbe hivi viwili: nuru ni nyepesi na joto ni zito. Wala si kosa la mtengenezaji wa taa au la mtengenezaji wa birika, bali ni maumbile ya maji yenyewe, ambayo katika vitu vya kawaida hapana vingi vinavyohitaji joto jingi kama yanavyohitaji yenyewe ili kupanda nyuzi moja. Na mtu anayetaka kuiendesha nyumba yake kwa jua sharti alijue hili kabla hajafungua mkoba wake, kwa sababu dukani hataambiwa. Dukani ataambiwa kwamba paneli hii inaendesha nyumba. Mathalan amenunua paneli ya wati 50, ambayo ni sola ya watu wengi wa kadiri, na tuseme siku ni njema na jua halikufichwa. Baada ya kutoa kinachopotea katika waya, katika betri na katika joto la paneli yenyewe, atavuna kiasi cha uniti 0.175 kwa siku. Kwa taa nne na redio na simu za nyumba nzima, ni riziki ya kutosha na ya kumshukuru Mungu. Kwa ile ndoo ya maji ya moto, itambidi angoje karibu siku 5, huku nyumba yote ikiwa gizani.

Ustadi wa paneli hizi si mdogo, na sitaki nieleweke kwamba naudharau. Mfaransa Edmond Becquerel alikuwa kijana wa miaka 19 alipotambua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme, na ikapita zaidi ya karne kabla ya mafundi wa maabara ya Bell, huko Marekani, kutengeneza mwaka 1954 kipande cha silikoni kilichogeuza asilimia 6 ya nguvu ya jua ikawa umeme wa kutumika. Paneli za leo zinazouzwa sokoni Darajani hugeuza kiasi cha asilimia 20. Huko Kenya, watu wa mashamba walianza kuzinunua kwa fedha zao tangu miaka ya 1980, bila ya kungoja serikali, na kuanzia mwaka 2012 ikaenea desturi ya kulipia sola kidogokidogo kwa simu ya mkononi, kiasi kile kile ambacho mtu alikuwa akikitoa kwa mafuta ya taa. Na hapa kwetu, Kinyasini, kuna kituo cha kuwafundisha wanawake wa vijijini kazi ya kuunga na kutengeneza sola, kwa mtindo ulioanzia Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini Uhindi, ambako Bunker Roy alianzisha chuo mwaka 1972 kwa ajili ya watu ambao vyuo vingine havikuwataka, wakiwamo akina bibi wasiopata kwenda skuli. Bibi mwenye wajukuu anaposhika kifaa cha kuunga waya kwa risasi ya moto, na mtambo ulioharibika ukafufuka mikononi mwake, mabishano mengi ya barazani hujifia yenyewe. Lakini hata akina bibi hao wanapeleka taa kijijini. Kuni za jioni bado wanakwenda kuziokota.

Turudi kwenye hisabu, maana bado haijatoa faida yake. Jua la Unguja, likikadiriwa kwa mwaka mzima, humwaga juu ya kila mita moja ya mraba kiasi cha uniti 5 kwa siku. Ukiitandaza paneli ya umeme katika mita hiyo, utapata uniti moja au pungufu. Ukiliacha jua liyapashe maji moja kwa moja, bila ya kulipitisha katika umeme, mita ile ile itakupa uniti 2 na nusu za joto, ambazo zatosha kuzipandisha lita 60 kutoka nyuzi 25 mpaka nyuzi 60. Ya nini basi kulibadilisha jua kuwa umeme, kuuweka umeme katika betri ya thamani, kuutoa tena katika betri, na kuurudisha kuwa joto, ilhali joto ndilo lililokuja kwanza? Nimeona majumba ya watu wenye uwezo ambayo juu yake pana paneli nyingi ajabu, na bafuni mna hita ya umeme inayokula nusu ya mavuno ya paneli hizo, na mwenye nyumba analalamika kwamba sola ni udanganyifu. Sola haikumdanganya mtu.

Hita ya maji ya jua ni chombo cha akili iliyo wazi, hata naweza kuieleza hapa bila ya picha. Pana sanduku pana na jembamba, limepakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa kioo, na ndani yake mmepita mabomba ya shaba. Mwanga wa jua hupenya kioo bila ya taabu, lakini joto linalotoka katika weusi ule haliwezi kurudi nje kwa njia ile ile, kwa hiyo hubaki ndani likiyapasha maji. Maji yakishapata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenda katika tangi lililowekwa juu ya sanduku, na maji baridi, kwa kuwa ni mazito, huteremka kushika nafasi yao. Hapana pampu wala swichi, wala hapana kitu cha kukatika ikiwa waya ya Fumba imekatika. Sharti lake kubwa ni kwamba tangi likae juu kuliko sanduku, kiasi cha futi moja au zaidi, kwani likikaa sawa nalo au chini yake, usiku maji ya moto yatarudi sandukuni na kupoa, na mwenye nyumba ataamka alfajiri akute kazi yote ya jua imekwenda na umande. Zipo pia hita za mirija ya vioo viwili vilivyoondolewa hewa baina yao, kama ilivyo chupa ya chai, nazo hushika moto hata siku ya mawingu. Ila maji yetu ya visima yamepita katika mawe ya chokaa, na mtu aliyewahi kuona ukoko mweupe katika birika lake ajue kwamba ukoko huo huo utajenga katika mabomba, na sharti uondolewe mara kwa mara.

Katika kisiwa cha Saiprasi matangi ya namna hii yamejaa juu ya mapaa hata mgeni hudhani ni sehemu ya ujenzi wao wa asili, na huko Israeli sheria imeyalazimisha katika nyumba mpya tangu mwaka 1980. Kenya nayo ilitoa kanuni mwaka 2012 kwamba majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawe na hita za jua. Hapa kwetu ziko katika mahoteli ya pwani ya mashariki, kwa ajili ya wageni.

Najua nitaambiwa kwamba mgeni ndiye anayetaka maji ya moto, na sisi katika joto hili la kaskazi tunayataka ya nini. Anayesema hivyo ni mwanamume, na hajapata kukaa na mzazi ndani. Mama aliyejifungua, kwa desturi yetu ya pwani, hukandwa kwa maji ya moto siku baada ya siku mpaka arobaini itimie. Mtoto huogeshwa maji ya uvuguvugu. Mzee mwenye maumivu ya viungo haogi maji baridi wakati wa kusi. Na zaidi ya hao wako wagonjwa, na viko vyombo vyenye mafuta vya kuoshwa baada ya shughuli. Maji yote hayo leo hupashwa kwa kuni, makumbi, vifuu au mkaa. Tukikadiria ndoo mbili tu kwa siku katika siku arobaini za mzazi, tunapata uniti 64 za joto lililoingia majini, na kwa kuwa mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya moto wake pembeni, kuni zilizoteketea zilikuwa na nguvu ya mara kadhaa ya hiyo. Sanduku moja la mita 2 za mraba juu ya bafu lingeliifanya kazi hiyo yote kwa jua, na siku ya mvua kubwa ya masika, ambapo maji yatatoka na uvuguvugu tu, kuni chache zingelimalizia safari iliyobaki. Nguvu ya kuyatoa maji nyuzi 45 mpaka 60 ni chini ya nusu ya ile ya kuyatoa nyuzi 25.

Hapa naomba nipite pembeni kidogo kwa ajili ya jamaa zetu walioko ughaibuni, wanaotusikiliza kwa simu zao kutoka Uingereza, Denmaki na Kanada, kwa sababu kwao swali linageuka uso. Huko joto linalotakiwa si la ndoo bali ni la nyumba nzima, na jua hulikimbia hitaji lake: mwezi wa Desemba mjini London mchana ni wa takriban saa 8 tu, na jua lenyewe huinamia upeo wa macho, kwa hiyo paneli huzaa kidogo mno katika siku zile zile ambazo nyumba inataka nguvu nyingi kupita siku zote. Dawa yao ni chombo kiitwacho pampu ya joto, ambacho William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikibuni kwa maandishi tangu mwaka 1852. Ni friji iliyogeuzwa. Atiaye mkono nyuma ya friji huhisi fukuto, na fukuto lile ni joto lililotolewa katika samaki na maziwa likatupwa nje. Pampu ya joto hufanya vivyo hivyo, ila huiweka nyumba mahali pa kutupiwa, na huliteka joto katika hewa ya nje, ambayo hata ikiwa baridi ya kuuma mifupa haikosi joto ndani yake. Kwa uniti moja ya umeme iliyotumika kuendesha mtambo, nyumba hupata uniti kama 3 za joto, kwa kuwa mbili zilizozidi zimechukuliwa uani bure. Watu wa Norwei, Uswidi na Ufini, ambao hapana awezaye kuwafundisha baridi, ndio walioongoza Ulaya katika kuzitumia. Lakini kabla ya pampu hutangulia kazi isiyo na fahari, nayo ni kuziba: madirisha ya vioo viwili, sufi ya madini darini, nyufa za milango. Nyumba inayovuja haishibi.

Na joto la nyumba si jambo la Wazungu peke yao, kwani watu wa Makete, Njombe na Lushoto, na wa Limuru kule Kenya, wanalijua vizuri katika miezi ya Juni na Julai. Huko hutokea msiba unaorudi kila mwaka: watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango, hulala, na asubuhi hawaamki, kwa sababu mkaa unaoungua mahali pasipo hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa nyumba za namna hiyo, dari chini ya bati na ukuta mnene wa tofali lililopigwa jua mchana, lenye kulirudisha joto lake ndani polepole usiku, huokoa zaidi ya mtambo wowote wa kununua. Wazee wa Mji Mkongwe waliijua elimu hiyo hiyo upande wake wa pili, walipojenga kuta za mawe na chokaa zenye unene wa mkono mzima ili joto la mchana lichelewe kuingia.

Sasa nije jikoni, mahali ambapo jambo lote lina uzito wake wa kweli, na ambapo sola ya paa haina jibu jepesi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majikoni ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na wengi wanaokaa karibu na moshi huo ni wanawake na watoto walio mgongoni mwao. Kuni, kwa haki, nazo ni nguvu isiyokwisha, maadamu msitu unaachwa urudi. Mkaa ndio unaokula msitu bila ya kusaza, kwa sababu tanuri ya udongo, katika kila kilo 10 za kuni, mara nyingi hutoa kilo 1 au 2 tu za mkaa, na zilizobaki huondoka na moshi. Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilitoa mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na hadi sasa neno hilo katika vinywa vya watu lina maana ya mtungi wa gesi. Mtungi ni faraja ya macho na kifua, siupingi, nyumbani kwangu nautumia. Ila gesi ile huchimbwa ardhini na kuletwa kwa meli, na ikiisha mtungini haioti tena.

Mwenye ng'ombe wawili wa zizini ana njia nyingine, ambayo watu wa Arusha na Kilimanjaro waliizoea kabla yetu, kwa juhudi za kituo cha CAMARTEC tangu miaka ya 1980, na hapa Unguja ng'ombe wa kufugiwa bandani hawakosekani. Samadi mbichi kilo 25, zikichanganywa na maji kwa kiasi sawa na kutiwa katika shimo lililojengwa mfano wa kuba lisilopitisha hewa, hutoa kama mita moja ya ujazo ya gesi kwa siku, nayo huwasha jiko moja kwa saa 2 au zaidi: chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Kinachotoka upande wa pili ni mbolea iliyokwisha kuoza, ambayo migomba huipenda kuliko samadi yenyewe. Gharama yake iko katika kuba, ambalo likijengwa na fundi wa kubahatisha hupasuka ufa mdogo na gesi yote ikaenda zake; na taabu yake ni kwamba chombo hiki hakilishwi na mashine, bali na mtu wa kuchota samadi kila siku, Idi na Ijumaa.

Kwa mtu wa mjini asiye na ng'ombe, tumaini jipya ni presha kuka ya umeme, ile sufuria iliyofungwa barabara na kuvikwa nguo ya kuzuia joto, ambayo hupika maharage makavu kwa kiasi cha nusu ya uniti, kwa kuwa moto haupewi nafasi ya kutoroka. Hapa ndipo sola inapoweza kuanza kuingia jikoni kwa heshima. Paneli za wati 500 kwa jumla, zikielekezwa kaskazini, kwa sababu sisi tuko nyuzi 6 kusini ya mstari wa ikweta na jua hukaa upande huo tangu Machi mpaka Oktoba, zikiinamishwa kidogo ili mvua izioshe, zikifungwa kwa vyuma visivyoliwa na chumvi ya bahari, na zikiepushwa na kivuli cha mnazi, kwani kuti moja likiweka kivuli juu ya kipande cha paneli hupunguza mavuno ya safu nzima, zaweza kuleta kama uniti moja na robo tatu kwa siku njema. Na katika hizo maharage ya mchana, taa, feni na simu hupata haki zao. Sharti inveta iwe na uwezo wa kubeba wati 1,000 za sufuria inapoanza kuchemka, na betri iwe ya lithiamu, au, ikiwa ni ya risasi na asidi, isitolewe zaidi ya nusu ya chaji yake. Betri ya gari haikutengenezwa kwa kazi hii na hufa mapema, ingawa muuzaji ataapa. Biriani itabaki kwenye seredani, maana hapana paneli inayojua kupalia mkaa juu ya kifuniko, na wala sidhani kwamba mwenye sherehe atakubali ijaribiwe siku ya harusi yake.

Katika nyumba ya kadiri, basi, mimi ningeanza kwa taa, kwa kuwa ni rahisi na faida yake huonekana usiku ule ule. Lakini fedha ya pili ningeiweka katika maji ya moto na sufuria ya presha, kabla ya runinga kubwa, na ningemtaka mama wa nyumba awe ndiye mwenye kauli ya mwisho, kwa sababu ndiye anayejua polo la mkaa hudumu siku ngapi. Mkaguzi wa hesabu hizo hapatikani pengine.

Wapo wanaouliza kama tangi la maji ya jua laweza kuwekwa juu ya nyumba ya makuti. Jawabu ni hapana. Tangi la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200 za maji, mbali na chuma chake, na boriti za paa la makuti hazikuwekwa kwa mzigo huo, wala mabati mepesi juu ya fito hayafai. Lijengewe nguzo mbili za matofali kando ya ukuta wa bafu, upande wa kaskazini, zenye kimo cha kulipandisha tangi juu ya sanduku lake kama nilivyoeleza. Na kwa kazi hiyo aitwe mwashi kwanza, fundi wa mabomba amfuate, na fundi wa umeme abaki nyumbani kwake.